Maili zangu zimekwenda wapi, na hizi zilizobaki nizifanyeje?

*Swali: Nina duka la nguo za watoto Kariakoo. Kwa kawaida nakwenda Guangzhou mara 2 kwa mwaka na Dubai mara 1 kufuata mzigo, na tangu 2019 sijabadilisha shirika la ndege. Juzi binti yangu alinifungulia akaunti yangu ya maili kwenye simu. Nilikuwa najua nina maili zaidi ya 60,000, tukakuta 27,400. Tulipochunguza tukaona 33,000 zimeondolewa kwa mafungu, na nyingine 11,000 zinaondoka mwisho wa mwezi ujao. Sikuwahi kupata taarifa yoyote. Huu si wizi? Naweza kudai? Na zilizobaki nizifanyeje? Nina kadi nyingine 3 za mashirika mengine zimekaa tu kwenye droo.*

Dada yangu, kabla ya habari za wizi na madai, tuziokoe kwanza hizo 11,000. Zina wiki chache tu, na bado zimo mkononi mwako.

Katika mipango mingi ya maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege humpa msafiri wake kwa safari zake, ukitumia maili zinaanza kutoka zile kongwe. Kwa hiyo huna haja ya kutafuta kitu cha maili 11,000 kamili. Ukikata tiketi ya maili 20,000 au 25,000, hizo zilizokaribia kufa ndizo zitakazotoka mwanzo, na ulichobakiza kitakuwa na umri mrefu zaidi. Jambo la pili, ambalo watu wengi hawalijui wakaziacha maili zife, ni kwamba kwa kawaida huhitaji kusafiri kabla ya tarehe hiyo. Kinachotakiwa ni tiketi itolewe kabla ya tarehe. Mashirika mengi hufungua viti karibu mwaka mzima mbele, kwa hiyo mwezi huu unaweza kukata tiketi ya safari ya miezi 8 ijayo.

Piga simu kwao, au nenda ofisini kwao mjini, uulize mambo manne na uandike majibu. Tiketi ikitolewa kabla ya tarehe ya mwisho, safari inaweza kuwa baadaye kiasi gani? Nikiahirisha au nikifuta, maili zinarudi na uhai mpya au zinarudi na tarehe ile ile ya zamani? Naweza kumkatia tiketi mtu mwingine? Na kodi na tozo ni kiasi gani juu ya maili? Hilo swali la pili lina mtego. Katika mipango kadhaa maili hurudi na tarehe yake ya awali, na kama tarehe imeshapita, zinarudi zikiwa zimekufa. Ukishakata kwa maili za namna hiyo, safari iwe ya kweli. Na usingoje siku ya mwisho. Saa sita ya usiku inayohesabiwa huenda ni ya makao makuu yao, siyo ya Dar es Salaam.

Sasa thamani. Wewe ni mfanyabiashara, hesabu hii utaielewa haraka kuliko wateja wengi niliowahudumia. Chukua bei ya tiketi kwa fedha taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia maili, kinachobaki gawanya kwa idadi ya maili. Tuseme tiketi ni dola 480. Kwa maili wanataka 25,000 pamoja na dola 180. Maili zimekuokolea dola 300, yaani senti 1.2 ya dola kwa kila maili. Halafu angalia duka lao la zawadi, wakikuuzia birika la umeme la dola 40 kwa maili 11,000. Hapo kila maili imekupa chini ya senti 0.4, theluthi tu ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana nawasihi watu wasikimbilie mabirika, vocha na masanduku kwa hofu ya tarehe, labda iwe ni usiku wa mwisho na hakuna kingine kabisa.

Kuna pia kupandishwa daraja kwenye tiketi uliyokwisha nunua. Kwa msafiri wa kawaida hiyo ni starehe. Kwako wewe angalia kilo: daraja la biashara mara nyingi linabeba mzigo zaidi, na ukilinganisha na bei ya kilo za ziada unayotozwa ukitoka Dubai, huenda hapo ndipo maili zako zina faida kubwa kuliko hata tiketi ya bure. Uliza pia kama tiketi ya maili inabeba kilo sawa na tiketi ya kununua, na ukumbuke kwamba safari ya tiketi ya maili kwa kawaida haikuingizii maili mpya.

Baadhi ya mashirika yanakubali ulipe fedha ili kurefusha uhai wa maili. Rudi kwenye hesabu ile ile. Maili 11,000 kwa senti 1.2 ni dola 132. Wakikutoza dola 100 kuzirefusha, umebakiwa na faida ya dola 32, na faida hiyo utaiona tu kama kweli utazitumia. Mimi nisingelipa, isipokuwa kama safari ipo na kinachokosekana ni kiti tu.

Kama huna safari ya karibu, mfikirie mtu wako. Mashirika mengi yanaruhusu mwenye maili kumkatia mtu mwingine tiketi, ingawa mengine yanataka kwanza umsajili jina lake kama mtu wako wa familia. Nimeona watoto wakimpeleka mama yao Jeddah kwa Umra kwa maili za biashara, wakachanga zile dola za kodi tu. Ila usimuuzie mtu. Kuna vijana mitandaoni wananunua maili kwa fedha taslimu. Masharti ya karibu kila shirika yanakataza, na wakigundua wanaifunga akaunti yote pamoja na maili zilizobaki, na aliyekatiwa tiketi hiyo anaweza kuzuiwa kwenye kaunta akiwa na sanduku lake mkononi.

Sasa turudi kwenye 33,000.

Unauliza kama ni wizi. Naelewa uchungu wako, kwa sababu wewe ulizipata kwa kulipa, hukupewa sadaka. Lakini ukisoma masharti uliyoyakubali siku ya kujiunga, utakuta karibu kila shirika limeandika kwamba maili si mali ya mwanachama, hazirithiki ila kwa ruhusa yao, na wanaweza kubadilisha kanuni. Utaratibu huu ulianzia Marekani. American Airlines walifungua mpango wao wa AAdvantage Mei 1, 1981, United wakawafuata siku chache baadaye, na dunia nzima ikaiga. Mwanzoni ilikuwa njia ya kumshika mteja baada ya serikali ya Marekani kuachia ushindani wa nauli mwaka 1978. Baadaye ikawa biashara kubwa yenyewe. Janga la korona lilipoziangusha ndege chini, United walikopa dola bilioni 6.8 mwaka 2020 kwa kuweka rehani mpango wao wa maili. Delta walikopa bilioni 9 kwa njia hiyo mwaka huo huo, na American bilioni 10 mwaka 2021. Ndege zilikuwa hazina abiria, lakini daftari la maili lilikubalika kuwa dhamana.

Kwa nini basi wanaziua? Fikiria duka lako. Mteja akinunua nguo 10, wewe unampa kikaratasi kwamba akirudi na 5 kama hivyo atapata gauni moja bure. Kila kikaratasi kilicho mtaani ni deni lako. Kanuni za kimataifa za uhasibu, hasa ile ya IFRS 15 iliyoanza kutumika 2018, zinalitaka shirika litenge sehemu ya nauli yako pembeni, lisiihesabu kuwa mapato, mpaka maili zitumike. Na kwa kuwa wanajua kwa uzoefu kwamba fungu fulani halitatumika kamwe, kanuni hizo hizo zinawaruhusu kulikadiria fungu hilo na kuliingiza kidogo kidogo kwenye mapato. Tarehe ya mwisho inalifuta deni. Kwa hiyo maili zako 33,000 hazikupotea kwa mtu kusahau mahali fulani. Kwenye vitabu vyao kufa kwake kulitarajiwa.

Nasema haya bila kuyapenda. Naona ni haki shirika kuwa na mwisho wa deni. Sioni ni haki deni kuisha bila mwenye kudai kuarifiwa kwa njia anayoisoma.

Wapo waliojaribu mahakama. Katika kesi ya American Airlines dhidi ya Wolens, mwaka 1995, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba wanachama wanaweza kudai kama shirika limevunja mkataba wenyewe. Lakini mwaka 2014, Rabi Binyomin Ginsberg alipodai kwamba shirika la Northwest lilimfukuza kwenye mpango wao bila uungwana, mahakama hiyo hiyo ilimkatalia kwa kauli moja: dai la jumla la kutotendewa kwa nia njema halikuwa na nafasi mbele ya ile sheria ya 1978 iliyoachia ushindani wa nauli. Kwa lugha ya dukani: unashika kilichoandikwa tu, na walioandika ni wao.

Mahali ambapo mambo yaligeuka ni jimbo la Ontario, Kanada. Huko mpango wa pointi wa Air Miles ulikuwa umetangaza kwamba pointi za zaidi ya miaka 5 zingekufa mwishoni mwa 2016. Watu wakalalamika kwa nguvu, kampuni ikaachana na nia hiyo, na wabunge wakapitisha sheria inayokataza pointi kufa kwa sababu ya muda kupita tu. Jamaa zetu wanaoishi Toronto wanaifaidi sheria hiyo. Huku kwetu, Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012, lakini zote zimeandikwa kwa mapana. Ningefurahi sana kuona wabunge wetu wakichukua hata kipande kimoja tu: kwamba maili hazifi mpaka mwanachama apelekewe ujumbe kwenye simu yake siku 90 kabla.

Kwa hiyo kudai unaweza, ila dai kwa adabu na kwa ushahidi, usianze na neno wizi. Andika barua pepe ukieleza ni mteja wao tangu 2019, taja namba ya uanachama, taja fungu lililoondolewa karibuni zaidi, na uombe lirudishwe. Fungu lililokufa miezi michache iliyopita mara nyingine linarudishwa, wakati mwingine kwa malipo. La miaka 2 iliyopita usilipotezee usingizi. Wasipojibu kabisa, Tanzania tuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, chini ya TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, linalopokea malalamiko ya abiria.

Lakini kuna jambo moja katika barua yako lililonigusa kuliko yote: hukupata taarifa yoyote. Nataka umwombe binti yako afungue sehemu ya taarifa zako binafsi ndani ya akaunti hiyo na asome barua pepe iliyoandikwa pale. Nina hofu kwamba si yako.

Nasema hivyo kwa sababu nilikaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya wakala wa tiketi katikati ya mji, na mteja alipokuja akisema hana barua pepe, au anayo ila haikumbuki, tulimfungulia akaunti ya maili kwa barua pepe ya ofisi. Tulidhani tunamsaidia. Taarifa zote za maili kufa zilikuja kwetu, zikachanganyika na mamia ya ujumbe wa nauli, hakuna aliyezisoma. Mzee mmoja wa Ilala, muuza vipuri vya magari, alikuja siku moja kutumia maili zake za miaka mingi, tukafungua akaunti mbele yake, ikawa tupu. Onyo lilikuwa limeingia kwenye sanduku letu mara tatu. Hakupiga kelele, alikaa tu akiitazama ile skrini. Nimeacha kazi hiyo siku nyingi, lakini ndiyo sababu najibu barua kama yako kwa urefu huu.

Ukikuta barua pepe ya wakala, badilisha leo hii, weka yako na namba yako ya simu, badilisha na neno la siri. Halafu chunguza kama huna akaunti mbili. Mawakala hufungua mpya kila mara kwa sababu hawaioni ya zamani, na safari zako zinagawanyika. Shirika linaweza kuziunganisha ukiomba. Angalia pia jina. Kama pasi yako ya kusafiria inasema Ally na akaunti inasema Ali, au majina matatu yamepangwa tofauti, safari zinaweza kuruka bila kuingia.

Na hilo linanirudisha kwenye hesabu yako. Kutoka Dar es Salaam mpaka Guangzhou, upitie Ghuba au Addis Ababa, ni karibu maili 6,000 za angani. Kwenda na kurudi ni 12,000. Tunajua China ilifunga milango wakati wa korona na ikaanza kuifungua Januari 2023, kwa hiyo una mapengo. Hata hivyo, kwa safari ulizozitaja, hata zile zaidi ya 60,000 ulizodhani unazo naziona ni chache. Inawezekana tiketi zako ni za bei ya chini, ambazo huingiza sehemu tu ya umbali. Herufi moja kwenye tiketi, ile ya aina ya nauli, ndiyo inayoamua, na tiketi za kundi ambazo mawakala wa safari za China huuza mara nyingi haziingizi chochote. Lakini inawezekana pia kuna safari hazikuandikwa kabisa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari umemwachia mtu mwingine miaka yote hii.

Sasa kalenda zenyewe, maana hazifanani, na makosa mengi yanatokana na kudhani zinafanana.

Kuna mipango ambayo kila maili ina siku yake ya kuzaliwa na siku yake ya kufa, usafiri usisafiri. Yako inaonekana ni ya namna hii, ndiyo maana zinaondoka kwa mafungu ingawa bado unasafiri. Emirates Skywards ni miaka 3, na wao wanafuata mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Julai akapata maili Machi 2023, zake zinakufa mwisho wa Julai 2026. Wazee wetu wengi pasi zao zimeandikwa Januari 1 kwa sababu tarehe kamili haikujulikana. Kwao Januari hiyo ya kwenye pasi ndiyo inayohesabiwa, hata kama familia inajua alizaliwa msimu wa mavuno. ShebaMiles ya Ethiopian na Miles&Smiles ya Turkish nazo ni za miaka 3. KrisFlyer ya Singapore ni miezi 36. Katika mipango hii kununua kitu kidogo kuiamsha akaunti hakusaidii lolote kwa maili za zamani, na nimeona watu wakipoteza fedha kwa ushauri huo.

Kuna mipango inayohesabu ukimya. Qatar Airways na British Airways wote wanatumia Avios, ndilo jina la maili zao, na Avios hazifi mpaka akaunti ikae miezi 36 bila kuingia wala kutoka kitu. Avios chache tu zikiingia, saa inaanza upya kwa zote. American Airlines ni miezi 24 ya ukimya. Flying Blue ya Air France na KLM nayo ni miezi 24, lakini kwao kinachoamsha ni kuruka na ndege zao au za muungano wa SkyTeam, yaani kundi la mashirika yanayoshirikiana, au kutumia kadi yao ya benki, siyo kununua chochote tu. Ndugu zetu wa Kenya waliojiunga Flying Blue wakati ule ndiyo iliyokuwa mpango wa Kenya Airways, wakahamia Asante Rewards baada ya shirika hilo kuanzisha mpango wake, wakafungue ile akaunti ya zamani waone kama bado ina kitu.

Halafu kuna zisizokufa. Delta waliondoa tarehe mwaka 2011, JetBlue 2013, Southwest na United 2019. Usidhani ni ukarimu mtupu. Kule Marekani benki hununua maili kwa mabilioni kuwagawia wenye kadi za mkopo, na maili isiyokufa ni rahisi kuiuza. Aidha Delta waliondoa jedwali la bei za maili mwaka 2015 na United wakafuata 2019, kwa hiyo tiketi iliyogharimu maili fulani jana inaweza kudai nyingi zaidi kesho. Maili yako haifi, inakonda.

Kwa sababu hiyo siwashauri watu kulimbikiza, hata pasipo na tarehe. Na shirika lenyewe linaweza kuanguka. Air Berlin ilipofilisika Agosti 2017, mpango wao wa maili ulifuata siku chache baadaye na wanachama wakabaki na namba tu. Ukifikisha tiketi moja unayoihitaji, kata.

Sasa hizo kadi 3 za kwenye droo. Hapa kuna jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi. Huhitaji kuweka maili kwenye mpango wa shirika unaloruka nalo. Mashirika mengi yapo kwenye miungano, na unaruhusiwa kutoa namba ya mwenzao yeyote. Ethiopian wapo Star Alliance tangu 2011. Ukiruka nao kwenda Guangzhou unaweza kutoa namba ya MileagePlus ya United, na maili zikakaa mahali zisipokufa kwa tarehe. Ukiruka na Kenya Airways, ambao wapo SkyTeam, unaweza kutoa namba ya Delta. Kujiunga ni bure. Kabla ya safari angalia tu jedwali la herufi za nauli, kwa sababu tiketi ya bei ya chini inaweza kuingiza kidogo mno kwa mwenzao.

Lakini kwako wewe, dada, sikuharakishii huko. Msafiri wa duka anahitaji kilo kuliko maili. Mwenye daraja la uanachama la Gold katika Star Alliance anaongezewa kilo 20, au kipande kimoja zaidi pale mizigo inapohesabiwa kwa vipande. Zidisha hiyo kwa safari 3 kwa mwaka, uone kama kuna tiketi ya bure inayofikia. Daraja hilo linapatikana kwa kuzikusanya safari zote sehemu moja ndani ya mwaka, na kadi 4 za mashirika 4 ndizo zinazokunyima. Ningekuwa wewe, ningechagua muungano unaonifikisha Guangzhou na Dubai kwa bei nzuri bila kuhangaika, nikauliza daraja la kilo linataka safari ngapi kwa nauli ninazonunua mimi, siyo nauli za kwenye matangazo, na kama nalifikia, hizo kadi nyingine nikaziacha. Kama silifikii kwa safari 3, basi ningeweka maili pasipokufa.

Usibofye ujumbe wowote wa simu unaosema maili zako zinaisha leo, bonyeza hapa. Matapeli wamejua kwamba watu wana hofu hiyo. Fungua akaunti mwenyewe kwa njia unayoijua, na ile namba ya siri ya mara moja inayokuja kwenye simu usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa anatoka makao makuu.

Mwisho, ile safari yako ya karibuni ya Guangzhou. Kama haimo kwenye akaunti, bado unaweza kuidai, lakini mashirika mengi yanatoa kama miezi 6 tu tangu siku ya kuruka. Watakachotaka ni pasi ya kupandia ndege na namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13. Tarakimu 3 za mwanzo ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar, 706 Kenya Airways, 235 Turkish. Ziko kwenye karatasi ya wakala hata kama pasi ya kupandia ndege ulishaitupa. Leo ukifunga duka, pitia mkoba uliosafiri nao, toa karatasi zote, zipige picha na binti yako aziandike kwenye daftari kwa tarehe. Kesho asubuhi pigeni simu kwa shirika, mkianza na hizo 11,000.